Nani Analipia Bati Lililoharibika?

Ukitoka soko la Muthurwa ukaishika barabara ya Landhies, masikio hufika Kamukunji kabla ya macho. Kwa mbali ni mlio mmoja mkubwa usiogawanyika. Ukikaribia unaanza kutengana: nyundo nzito inanyoosha ubavu wa pipa la mafuta, nyundo nyepesi inakaza ribiti, mkasi unakwaruza bati, na juu ya yote hayo sauti za wasukuma mikokoteni wanaodai njia, "Mguu! Chunga mguu!" Mgeni akikaa kidogo hujua kwa kusikia tu ni nini kinachotengenezwa. Karai hupigwa kwa mzunguko, pigo likifuata pigo. Sanduku hupigwa kwa mstari, fundi akatulia kidogo kuligeuza, halafu mstari mwingine.

Ilikuwa mwanzo wa Januari, msimu wa masanduku. Wazazi wa wanafunzi wa bweni walijaa vichochoroni, orodha ya shule mkononi, wakigonga vifuniko kwa vidole ili kupima unene wa bati na kuvuta pete za kufuli kuona kama zimekazwa. Kando yao wachuuzi kutoka Machakos na Kitui walikuwa wakifunga kwa kamba majiko, makarai, mabeleshi na vyombo vya kunyweshea kuku, tayari kupandishwa juu ya basi. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuzungumza nami, na hilo lilinifurahisha, kwa maana nilikuja kutazama watu wakifundishwa kazi, na kazi hufundishwa vizuri zaidi pale mnunuzi anaposubiri.

Nairobi imejaa mafunzo ya ujasiriamali kwa vijana. Yako kanisani, kwenye kumbi za mitaa, katika ofisi za kaunti, katika hoteli za mjini, na siku hizi kwenye simu pia. Serikali inayatoa, mashirika yanayatoa, benki zinayatoa. Kijana wa Eastlands mwenye bidii anaweza kumaliza mwaka mzima akitoka katika moja na kuingia katika lingine, na nimekutana na zaidi ya mmoja mwenye bahasha ya vyeti nyumbani. Swali nililokuja nalo Kamukunji ni kinachobaki mkononi mwa kijana baada ya vyeti hivyo.

Chini ya banda moja lenye paa lililotoboka, msichana wa umri wa miaka ishirini hivi alikuwa amepiga goti mbele ya kipande cha reli ya zamani kilichozikwa nusu ardhini. Reli ndiyo fuawe ya Kamukunji. Haipindi na haipasuki, na mgongo wake una ukingo ulionyooka kuliko kitu chochote ambacho fundi angeweza kujitengenezea. Msichana alikuwa anakunja ukingo wa kifuniko cha sanduku. Kwanza alichora mstari kwa ncha ya msumari, akiupitisha kando ya kipande cha chuma bapa. Akakata pembe nne kwa mkasi, kila pembe kwa mshazari, ili bati lisipandane litakapokunjwa. Akaliweka bati juu ya reli, mstari ukilingana na ukingo, akaanza kupiga kutoka katikati kwenda nje.

Hapo ndipo penye ujuzi wenyewe. Ukianza kupiga pembeni, bati hujikusanya katikati na kufanya tumbo, na kifuniko chenye tumbo hakikai sawa hata ukipige mpaka jioni. Msichana alijua hilo. Ila pigo lake la nne lilikuwa zito mno. Bati likavutika, mstari ukaacha ukingo wa reli kwa upana wa ukucha. Aliona mara moja. Akamtazama fundi.

Fundi, mzee wa miaka sitini au zaidi, alikuwa akimalizia bei na mteja. Alichukua kifuniko, akakiinua usawa wa jicho, akakirudisha. "Maliza hivyo hivyo," akasema. "Ukishamaliza, weka kwenye sanduku uone kitakataa wapi."

Kilikataa kwenye bawaba ya kushoto. Msichana alikitoa, akakiangalia upande wa ndani, akakiweka juu ya rundo dogo la vipande vilivyoharibika nyuma ya banda.

"Huyu ameshaniharibia bati kadhaa tangu aje," mzee aliniambia, na sauti yake haikuwa na hasira. "Nikimzuia asikate, hataharibu. Na hatajua."

Nilimuuliza nani anayelipia rundo lile.

"Swali hilo, dada, hakuna aliyewahi kuniuliza. Hata waliomleta."

Msichana aliletwa na mradi mmoja wa vijana, ambao ulimwahidi fundi posho kidogo ya kufundisha kwa miezi kadhaa. Posho ililipwa kwa kuchelewa lakini ililipwa. Kulikuwa na fomu ya mahudhurio, kulikuwa na afisa aliyepita na kupiga picha. Fungu la bati halikuwamo. Zamani, mzee alinieleza, mzazi alimlipa fundi ada ya kumfundisha mtoto, na ndani ya ada hiyo kulikuwa na bati la kuharibu. Kila mtu alilijua hata kama halikutajwa. Asiye na ada alifanya kazi bure, akishika na kubeba na kufagia, na mkasi aliugusa baada ya mwaka. Mradi umemwondolea msichana ada, na hilo ni jema kubwa, kwa sababu wengi wa rika lake waliishia langoni kwa kukosa ada hiyo. Lakini gharama ya kukosea imebaki, na imemwangukia mwenye banda, ambaye bati lake la leo ndilo chakula chake cha kesho. Mafundi wengine walioletewa vijana na mradi ule walitatua tatizo hilo kwa njia rahisi. Waliwapa vijana kazi ya kupaka rangi.

Siku iliyofuata niliketi nyuma ya ukumbi mmoja huko Eastlands ambamo vijana wa mradi uleule, karibu arobaini, walikuwa katika sehemu ya darasa. Mwalimu alikuwa hodari. Alilijua somo lake na aliwapenda wanafunzi, na kwa saa nzima alieleza tofauti ya mauzo na faida kwa mfano wa muuza mandazi hadi kila mtu akaielewa. Alipofika kwenye mpango wa biashara aliwagawia karatasi zenye visanduku vya kujaza: wateja wako ni nani, washindani wako ni nani, mtaji wako utatoka wapi. Vijana wakainama kuandika.

Kijana mmoja wa safu ya mbele akanyoosha mkono. Alitaka kutengeneza majiko. Akauliza bati la jumla linanunuliwa wapi, na mtu asiyejulikana huuziwa kwa bei gani.

Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akamjibu kwa unyofu kwamba hilo ni jambo la kufanyia utafiti wa soko. Jibu hilo si kosa. Lakini ndilo lililokuwa swali la maana kuliko yote asubuhi ile, na hakuna mtu ukumbini aliyekuwa na jibu lake. Umbali wa matatu moja kutoka pale walikuwako mamia ya watu walio nalo.

Tatizo hili si la mwalimu yule. Tumelirithi. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya liliwaangalia watoto waliomaliza shule ya msingi wakakosa pa kwenda, na kutokana na ripoti yake vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulikuja Kenya ukaandika kwamba watu wanaofua, kushona na kuunda vitu pembeni mwa barabara wanafanya kazi yenye tija, na serikali iache kuwavunjia vibanda. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Moi alifika hapa hapa Kamukunji na kuwaahidi mafundi mabanda ya kuwakinga na jua. Karibu na wakati huohuo, mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ukaanza ukiwa na ahadi ya kumfanya mwanafunzi aweze kujitegemea kwa mikono yake. Ujasiriamali ukawa somo katika vyuo vya ufundi. Ikaja Hazina ya Vijana mwaka 2007, Hazina ya Uwezo mwaka 2013, na Novemba 2022 Hustler Fund, iliyoanza kwa kumkopesha mtu kwa simu kuanzia shilingi 500 hadi 50,000. Kila serikali imeongeza chake. Darasa na mkopo vimeongezeka kwa miaka yote hiyo, na fundi amebaki mtu wa kusifiwa katika hotuba.

Kulikuwa na jaribio la kumwingiza ndani. Mradi wa KYEOP, ulioanza mwaka 2016 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150, uliwalenga vijana wa miaka 18 hadi 29 wasio na ajira, na baadhi yao ukawapeleka kwa mafundi stadi wa jua kali badala ya vyuo. Hatua hiyo naiheshimu. Ilikiri hadharani kwamba banda ni shule.

Ushahidi kwamba banda ni shule, au tuseme kwamba aliyeitangulia njia ndiye anayejua mashimo yake, uko Nairobi penyewe. Watafiti watatu wa uchumi, Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson, walifanya kazi yao Dandora, wakawachukua wanawake wenye umri usiozidi miaka 40 waliokuwa na biashara changa. Baadhi wakawekwa darasani wakafundishwa hesabu za biashara na mbinu za masoko. Wengine wakaunganishwa kila mmoja na mama wa hapo hapo mtaani ambaye biashara yake ilikuwa imesimama miaka mingi, wakawa wanakutana kuzungumza. Kundi la tatu halikupewa darasa wala mlezi wa namna hiyo, ili lipatikane la kulinganisha nalo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Darasa halikuongeza faida. Waliokuwa na mlezi faida yao ilipanda kwa asilimia 20 hivi.

Nilikwenda Dandora kuona mahali ambapo jambo hilo lingeweza kutokea. Ni mtaa wa vibanda vilivyobanana: sukuma wiki, nyanya, mitumba, samaki wa kukaanga, saluni. Mama anayeuza nyanya hutenganishwa na mwenzake kwa kiroba kilichotandikwa. Wote wanauza kitu kimoja kwa bei moja, na ukiwatazama kwa haraka utafikiri wote wanapata sawa. Tofauti iko asubuhi na mapema, pale mzigo unaponunuliwa. Watafiti walipochunguza faida ile ilitoka wapi, waliikuta hapo: walezi waliwaonyesha wenzao wachuuzi wa jumla wenye bei nafuu. Hakuna mwalimu wa kutoka nje anayeweza kuwa na maarifa hayo, kwa kuwa hayamo katika kitabu chochote. Yamo katika majina ya watu, katika saa ya kufika sokoni, katika kujua lori la nani limeingia na nani ana haraka ya kurudi.

Utafiti huohuo una sehemu ya pili ambayo wapangaji wa miradi wangefaa kuibandika ukutani. Mikutano ya walezi na wanafunzi wao ilipokatika, faida ile nayo ilififia. Bei ya jumla hubadilika na wauzaji hubadilika. Uhusiano ukifa, maarifa yanachakaa. Kwa hiyo mlezi wa mwezi mmoja hatoshi, kama vile cheti hakitoshi.

Narudi Kamukunji, kwa maana hapa kuna kitu kinachoonyesha maarifa yanavyosafiri yakiachwa mikononi mwa watu. Ni jiko. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa nishati walileta wazo kutoka Thailand la jiko la mkaa lenye kikombe cha udongo ndani, linalohifadhi joto na kula mkaa kidogo. Baada ya majaribio na makosa mengi likapata umbo lake la Kenya, lile lenye kiuno chembamba, juu pana na chini pana. Hawakujenga kiwanda kikubwa. Waliwafundisha mafundi wa bati na wafinyanzi, na hakuna aliyelifungia jiko hilo haki ya peke yake. Fundi aliyejifunza alimfundisha kijana wake, kijana akafungua banda lake, jirani akaiga kwa kutazama. Leo jiko lile liko katika mamilioni ya nyumba za Afrika Mashariki na mbali zaidi. Nilisimama mbele ya safu yake, yakingoja kikombe cha udongo, na kila moja lilikuwa na tofauti ndogo ya mguu au mshikio. Fundi mmoja alinionyesha miguu ya majiko yake, iliyopindwa nje zaidi. Mteja wake mmoja ana meza ya chipsi barabarani na lori likipita jiko hutikisika, akasema. Tangu aipinde hivyo halijaanguka. Huo ni ujasiriamali, na aliufikia kwa kumsikiliza mteja akilalamika.

Hata hivyo siko tayari kusema darasa livunjwe. Nilipomrudia msichana wa masanduku alinionyesha daftari lake. Ukumbini walifundishwa kuandika kila kinachoingia na kinachotoka, na kutenga pesa za biashara na za nyumbani. Yeye alikuwa ameanza kuandika hesabu za banda, ingawa si lake: bati lililonunuliwa, rangi, ribiti, bawaba, chakula cha mchana, sanduku lililouzwa. Na pembeni, kwa kalamu nyekundu, aliongeza safu ambayo mwalimu hakuifundisha. Aliiita "iliyoharibika".

Mzee alikuwa hajawahi kuliona daftari lile. Hajui kusoma sana, lakini tarakimu anazisoma vizuri. Aliivuta miwani yake mfukoni akaifuata safu nyekundu kwa kidole kutoka juu hadi chini. Juu kulikuwa na namba nyingi. Chini zilikuwa zinapungua. Kisha akafanya jambo ambalo nadhani hakuna mpango wa mafunzo uliolipanga. Alianza kubishana naye kuhusu hesabu.

"Hiki cha juzi usikiandike. Nilikitumia kukatia vipini vya karai."

"Lakini mzee, kilinunuliwa kiwe kifuniko."

"Kimekuwa vipini. Hakijapotea."

"Basi tuandike nusu."

Walibishana hivyo hadi mteja alipowakatiza. Nilipata kuona kwamba darasa lilimpa msichana namna ya kuuliza, na banda likampa la kuuliza. Vyote viwili anavihitaji, na vilikutana kwa bahati tu, kwa sababu yeye ni msichana wa kubeba daftari kazini. Mradi haukuvikutanisha. Siku za ukumbi ziko kivyake, siku za banda kivyake, na mwalimu wa ukumbini hajawahi kukanyaga Kamukunji na fundi wake hajawahi kualikwa ukumbini.

Laiti ningekuwa na mamlaka juu ya bajeti ya mafunzo haya, ningeanza na safu ile nyekundu. Ningeiweka gharama ya kuharibu katika mpango tangu siku ya kwanza, waziwazi, kama mtu anavyoweka nauli: bati za kukatwa vibaya, kitambaa cha kushonwa vibaya, unga wa mikate itakayoungua. Ningemlipa fundi kwa wakati, na ningemsaidia afanye mtihani wa ufundi wa serikali ikiwa anautaka, ili yeye naye aondoke na karatasi. Kaskazini mwa Uganda serikali iliwahi, mwaka 2008, kuwapa vikundi vya vijana ruzuku ya takriban dola 400 kwa kila mwanachama, wakanunua wenyewe mafunzo na vifaa vya kazi. Baada ya miaka minne mapato yao yalikuwa yamewazidi wenzao waliokosa ruzuku kwa asilimia 38. Miaka tisa ilipopita, wenzao walikuwa wamewafikia katika kipato, ingawa waliopata ruzuku walibaki na vifaa vingi zaidi na walikuwa wengi zaidi katika kazi za ufundi. Naona humo sababu ya kumwamini kijana na pesa za vifaa, na pia sababu ya kutomwacha baada ya kumpa.

Jioni ya siku ile ya daftari, bati za mzee zilikwisha. Kwa kawaida hununua mwenyewe. Safari hii alihesabu noti, akamkabidhi msichana, na akamweleza kwa kirefu aende duka gani, amtafute nani, aseme ametoka banda la nani. Asichukue bati za juu, hizo hulala karibu na mlango na mvua huzipiga. Akiambiwa bei, asijibu haraka. Awaombe walifungue rundo, na agonge moja moja.

Alirudi na mkokoteni baada ya saa moja hivi, jasho likimtoka, akamtajia mzee bei aliyopewa. Mzee aligonga bati la kwanza, la pili, la tatu. Akamuuliza kama alimpata mwenye duka au kijana wake.

"Kijana wake."

"Kesho kutwa nenda asubuhi, umpate mwenyewe," mzee akasema, akilishika bati upande mmoja ili walishushe pamoja. "Atakupunguzia. Na umwambie jina lako, si langu."